Zawadi ya Mwaka 2039

Binti yetu alikuwa na umri wa siku tisa baba mkwe wangu alipofika nyumbani kwetu Ohio na zawadi mbili.

Ya kwanza ilikuwa blanketi lililofumwa kwa mkono. Hilo alilitoa sebuleni, likapita kwa kila mgeni, likasifiwa. Ya pili aliisubirisha hadi wageni walipoondoka. Akaniita jikoni, akaweka mezani boksi la kadibodi la rangi ya buluu, lililochakaa pembe zake, akalisukuma upande wangu.

Ndani, juu ya karatasi ya nta, ilikuwamo bastola. Ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani bastola inaweza kuwa: mtutu wa inchi mbili hivi, silinda yenye matundu matano, mshikio wa mbao uliong'arishwa na kiganja cha mtu mmoja kwa miaka hamsini. Kwenye chuma kinachozunguka triga alikuwa amefunga uzi, na kwenye uzi kijikaratasi kigumu kama vile vinavyofungwa kwenye mizigo. Kilikuwa na jina la binti yetu, na chini yake mwaka: 2039.

"Atakapotimiza miaka ishirini na mmoja," alisema. "Mimi huenda nisiwepo. Ndiyo maana nakupa wewe uitunze."

Alikuwa fundi wa mashine za kukereza vyuma tangu ujana wake. Bastola ile aliinunua mwaka 1967, wakati zamu yake ilipokuwa ikiisha usiku wa manane na gari lake likiwa mbali, kwenye uwanja usio na taa. Hakuwahi kumpiga mtu risasi, wala kumtishia. Alinieleza hayo bila majigambo, kama mtu anayeeleza kwa nini huvaa koti. Kisha akasema, "Ipo siku na yeye atatoka kazini usiku."

Mimi nililelewa Tanga. Bunduki nilizoziona utotoni zilikuwa mabegani mwa askari na walinzi wa benki, na hata hizo tulifundishwa kuzipitia mbali. Usiku ule nilimpigia mama simu. Kwake kulikuwa kumepambazuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mjukuu wangu hajambo?"

Nikamweleza habari ya blanketi, kisha habari ya boksi. Alinyamaza kidogo. Mama si mtu wa kusema vibaya juu ya wakwe. Alichouliza ni hiki: "Sasa hiyo bunduki na huyo mtoto watalala nyumba moja?"

Nikamwambia itafungiwa.

"Miaka ishirini na moja?"

Sikuwa na jibu. Nilianza kusoma kwa sababu ya swali hilo, na nilichokuta ni kwamba waliotengeneza bastola za namna ile walikwisha kuulizwa jambo hilohilo zaidi ya miaka 130 iliyopita.

*

Springfield, katika jimbo la Massachusetts, ni mji ulioishi kwa bunduki. Kiwanda cha silaha cha serikali kilifanya kazi pale tangu 1794 hadi 1968. Ni katika mji huo Horace Smith na Daniel Wesson walipoanza kuuza, mwaka 1857, rivolva ndogo ya matundu saba. Kabla yake, kuijaza rivolva ilikuwa kazi ya subira: baruti mahali pake, goroli mahali pake, kiwashio mahali pake, tundu moja baada ya jingine. Hii yao ilitumia risasi kamili ndani ya ganda la chuma, iliyosukumwa kwa nyuma. Ilikuwa dhaifu kwa vita. Lakini ilikuwa safi, ilikaa mfukoni, na mtu asiye askari aliweza kuijaza kwa dakika moja akiwa ameketi kitandani.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, askari wengi waliinunua kwa fedha zao wenyewe, maana jeshi halikuwagawia silaha hiyo. Vita vilipokwisha mwaka 1865, bunduki kubwa nyingi zilirudi ghalani. Bastola ndogo zilirudi na wenyewe nyumbani. Ziliingia kwenye droo ya meza ya kando ya kitanda, chini ya mto, kwenye kikapu cha kushonea, ndani ya kabati la vyombo. Na humo ndimo walimokuwamo watoto.

Ipo simulizi inayorudiwa kila historia ya kampuni ile inapoandikwa. Inasema kwamba katika miaka ya 1880 Daniel Wesson alipata habari ya mtoto aliyejiumiza kwa rivolva, baada ya kuvuta nyundo nyuma na kubonyeza triga, na habari hiyo ikamsumbua. Sijui simulizi hiyo ni kweli kwa kiasi gani. Chuma chenyewe ni cha kweli. Mwaka 1887 kampuni ilitoa rivolva ambayo nyundo yake ilifichwa ndani ya mwili, kusiwe na kitu cha kuvutwa kwa kidole gumba. Nyuma ya mshikio waliweka kibao cha chuma chenye springi. Ili risasi itoke, ilibidi kiganja kikiminye kibao hicho barabara wakati uleule kidole kinapovuta triga. Watu waliiita kikamulio cha limau, kwa jinsi mkono ulivyoikamata.

Hesabu yao ilikuwa ya ukubwa wa mkono. Mtu mzima ana kiganja cha kuizunguka na nguvu ya kukaza pande mbili kwa pamoja, mtoto hana. Matangazo ya kampuni yalidai kwamba hakuna mtoto wa kawaida wa chini ya miaka 8 angeweza kuifyatua. Hadi kufikia 1940 hivi, walikuwa wametengeneza zaidi ya nusu milioni za aina hiyo, kwa ukubwa wa namna mbili.

Nilisoma habari hiyo kwa furaha, lazima nikiri. Nilimwona mzee wa Springfield akikaa na swali la mama yangu, akijaribu kulijibu kwa chuma. Lakini kadiri nilivyoendelea ndivyo nilivyoona ugumu wake. Mtoto wa miaka 7 aliyeshindwa na kibao kile mwezi huu, mwaka ujao ana miaka 8. Bastola haikui na haipungui. Kila siku mtoto anayelala chumba cha pili anaikaribia kwa kukua tu.

*

Kiwanda kingine cha jimbo hilohilo kilienda mbali zaidi. Iver Johnson, mhamiaji kutoka Norway, alianzisha kampuni iliyotengeneza baiskeli na rivolva za bei nafuu huko Fitchburg. Ubunifu wao ulikuwa kipande kidogo cha chuma ndani ya mashine: mpaka triga ivutwe hadi mwisho, nyundo haikuweza kuifikia risasi. Hata ukiipigapiga nyundo ya bastola kwa nyundo ya seremala, walisema, haitalia.

Hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa jambo jema. Bastola iliyodondoka sakafuni haikumuua mtu. Lakini mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ilitoa tangazo ambalo hadi leo linachapishwa vitabuni. Mtoto wa kike, nywele zake zimetunzwa vizuri, yuko kitandani na nguo ya kulalia. Mwanasesere wake yuko pembeni. Mkononi ana rivolva. Maneno yaliyo chini ni ya mtoto mwenyewe: baba amesema haitatuumiza.

Nililitazama tangazo lile kwa muda mrefu kwenye kompyuta, huku binti yangu amelala kifuani kwangu. Aliyelichora hakuwa akifanya mzaha. Alitaka kuuza utulivu wa moyo kwa mzazi. Kosa lake ni dogo la maneno na kubwa la matokeo: kinga ile ilizuia bastola isilie kwa bahati mbaya, lakini haikumzuia mtu yeyote aliyeamua kuvuta triga. Mtoto wa tangazo alikuwa na kidole, na kidole kilikuwa karibu na triga.

Tarehe 6 Septemba 1901, kwenye maonyesho ya Buffalo, New York, kijana aliyeitwa Leon Czolgosz alisimama kwenye foleni ya kumpa mkono Rais William McKinley. Mkono wake ulikuwa umefunikwa kwa kitambaa, na chini ya kitambaa ilikuwamo rivolva ndogo ya Iver Johnson. Rais alifariki siku nane baadaye. Mwaka 1933, huko Miami, Giuseppe Zangara alimfyatulia risasi Franklin Roosevelt, aliyekuwa amechaguliwa kuwa rais lakini hajaapishwa. Alimkosa, na mmoja wa waliopigwa, meya wa Chicago Anton Cermak, alikufa baadaye. Bastola ilitoka kwa kampuni tanzu ya Iver Johnson. Mwezi Juni 1968, jikoni mwa hoteli huko Los Angeles, Robert Kennedy aliuawa kwa rivolva yenye jina hilohilo.

Sizitaji ili kukihukumu kiwanda. Bastola za bei nafuu zilikuwa kila mahali, na zilizotumika kwa maovu zilikuwa chache mno mbele ya zilizolala kwenye droo. Nazitaja kwa sababu kifo cha Kennedy, baada ya kile cha Martin Luther King miezi miwili kabla, kilileta sheria ya udhibiti wa bunduki iliyotiwa saini Oktoba 1968. Sheria hiyo ndiyo iliyokataza duka lenye leseni kumuuzia bastola mtu wa chini ya miaka 21. Namba ile ya kijikaratasi cha baba mkwe imetoka humo. Sheria ya shirikisho haimkatazi babu kumpa mjukuu bastola kabla ya umri huo, maana zawadi ya kifamilia si mauzo ya duka. Katazo juu ya walio chini ya miaka 18 kumiliki bastola lilikuja mwaka 1994, nalo lina nafasi zake za ruhusa. Yeye alichagua miaka 21 kwa sababu ndio umri ambao duka lingemkubali mjukuu wake. Alitaka aipokee kama mtu anayeweza kujinunulia.

*

Bastola yake ni ya ukoo wa Springfield. Mwaka 1950 Smith & Wesson walipeleka rivolva mpya ya risasi tano kwenye mkutano wa wakuu wa polisi huko Colorado Springs, na wakuu hao ndio walioipa jina lake. Ilikuwa ndogo ya kufichwa chini ya koti, yenye nguvu ya bastola kubwa ya polisi. Haikuwa na kibao cha nyuma. Nyundo yake ilikuwa nje, na ukiivuta kwa kidole gumba, triga inakuwa nyepesi.

Miaka miwili baadaye, kuadhimisha karne moja tangu Smith na Wesson waanze kushirikiana, kampuni iliirudisha rivolva ya nyundo ya ndani, na kile kibao cha mzee Wesson kikarudi nayo. Lakini waliiuza na pini ndogo. Mnunuzi aliyeona kibao kinamchelewesha aliweza kukikandamiza na kukifunga kwa pini hiyo, kisibane tena. Aina hiyo ilikoma mwaka 1974. Iliporudi mwaka 1990, kibao hakikuwapo kabisa. Wanunuzi walikuwa watu wazima waliowaza mshambuliaji gizani, na kwa hofu hiyo, kila kinachochelewesha mkono ni adui. Mtoto aliyemkosesha Wesson usingizi hakuwa mnunuzi.

Wakati huo wengine walianza kupima jambo ambalo matangazo yalikuwa yamelikisia. Mwaka 1995 watafiti walichapisha vipimo vya nguvu za vidole vya watoto. Robo ya watoto wa miaka 3 na 4 walikuwa na nguvu ya kuvuta, kwa vidole viwili, triga za bastola nyingi zilizokuwa sokoni. Kwa wa miaka 5 na 6 walikuwa asilimia 70. Kwa wa miaka 7 na 8, asilimia 90. Mwaka 2001 wengine waliwaweka wavulana 64 wa miaka 8 hadi 12, katika vikundi vya wawili au watatu, kwenye chumba chenye bastola halisi isiyo na risasi ndani ya droo. Wavulana 16 walivuta triga. Karibu wote walioigusa walikuwa wameshafundishwa kwamba bunduki haiguswi.

Sheria zilifuata polepole. Florida ilikuwa jimbo la kwanza, mwaka 1989, kumwajibisha mtu mzima anayeacha bunduki yenye risasi mahali mtoto anapoweza kuifikia. Kwa sheria ya mwaka 2005, muuzaji mwenye leseni lazima atoe kifaa cha kufungia pamoja na kila bastola anayouza. Hata hivyo, mwaka 2020 bunduki ziliwaua watoto na vijana wa Marekani wengi kuliko ajali za magari, zilizokuwa zikiongoza kwa miaka mingi.

Yetu ni ya 1967. Haina kibao wala tundu la ufunguo.

*

Siku ile ya jikoni nilimrudishia boksi. Nilimwambia, kwa adabu zote nilizonazo, kwamba yeye anaijua na mimi siijui, kwa hiyo ingekuwa salama zaidi kwake mpaka wakati ufike. Alinitazama, akaelewa kwamba sijakubali na sijakataa, akalichukua. Hatukulizungumza tena. Kila tulipomtembelea nilikuwa nikihesabu milango ya nyumba yake na kujiuliza ni upi.

Alifariki mwaka 2023. Mke wangu alirudi kutoka kugawana vitu vya marehemu akiwa na picha, saa ya mkononi na boksi la buluu.

Tulibishana wiki mbili. Mimi nilitaka tuipeleke polisi wakaiharibu. Yeye alisema kitu ambacho sikuwa na majibu yake: baba yake hakuacha barua hata moja kwa mtu yeyote, na mwandiko pekee aliomwandikia mjukuu ni ule wa kijikaratasi. "Ukitupa bastola," alisema, "utafanya nini na uzi?" Nikamwambia kwetu pia watu huachiwa vyuma. Pwani yapo majambia yaliyopita kutoka babu hadi mjukuu. Lakini jambia ukilitundika ukutani, kila anayepita analiona na anajua lilipo. Hili la kufichwa ndilo lililonishinda.

Tuliyokubaliana ni haya. Ipo ndani ya kasha la chuma lililofungwa ukutani kwa bolti. Namba anaijua yeye, ufunguo ninao mimi. Risasi haimo ndani ya nyumba, hata moja. Na ndani ya kasha tumeweka bahasha yenye barua kwa binti yetu, inayomweleza babu yake alikuwa nani, kwa nini alimwazia usiku, na kwamba anaweza kuichukua au kuikataa, na akiikataa hatakuwa amemkosea mtu.

Mara mbili kwa mwaka, mtoto akiwa shule, tunalifungua. Kilichonishangaza ni kazi ya kutunza chuma. Haifai kukaa kwenye mfuko wa ngozi, maana ngozi hushika unyevu na dawa zilizotumika kuilainisha, navyo hula chuma. Alama ya kidole isiyofutwa ina chumvi ya kutosha kuanzisha kutu. Kwa hiyo mke wangu anavaa glavu, anafuta, anapaka mafuta kidogo sana, anaifunga kwenye karatasi mpya. Mimi nashika boksi. Tunaikinga na kutu ili imfikie mtoto, na tunamkinga mtoto ili bastola isimfikie. Kazi zote mbili zinafanyika katika dakika kumi zilezile, na mikono ileile.

Sijui kama tumefanya vema. Kila kifaa nilichokisoma kilitengenezwa na mtu aliyeamini kimetosha. Namba ya kasha letu ni ya tarakimu nne, na binti yetu anajua kuhesabu.

Mama naye alituma zawadi, mwaka uleule binti alipozaliwa. Ilikuwa doti ya kanga, aliyoiweka kwenye sanduku lake tangu mimi sijaoa, akiisubiri mjukuu wa kike. Ilifika ikinukia udi. Tuliikunja, tukaiweka juu ya kabati, tukasema tutampa akiwa mkubwa.

Mwezi uliopita nilimkuta sebuleni ameishusha. Alipanda kiti. Alikuwa ameitenganisha vipande viwili kwa mkasi wa shule, mshono umekwenda tenge, kimoja amekifanya hema kwa wanasesere, cha pili amejifunga kiunoni na kukimwagia juisi ya zabibu. Nilisimama mlangoni. Kitu cha kwanza nilichofanya kilikuwa kutazama kiti, na umbali kutoka kiti hadi juu ya kabati, kisha nikaenda chumbani kuhakikisha kasha limefungwa. Lilikuwa limefungwa.

Jioni nilimpigia mama nikiwa na aibu. Nikamwambia kanga imeharibika.

"Imeharibikaje?"

Nikamweleza habari ya hema na juisi. Mama alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia nimpe mtoto simu, akamfundisha kuifunga isimdondoke, akamwahidi nyingine.